Sura ya Saba: Picha Haina Hati

Tangazo la ploti viungani mwa Nairobi huwa fupi. Picha ya uwanja mwekundu uliopigwa vigingi, barabara ya changarawe ikionekana kwa mbali, na mstari mmoja wa maneno: thumni ya ekari, hamsini kwa mia, hati ipo, karibu na lami. Wakala mgeni kazini hulisambaza kama alivyolipokea. Mzoefu hulipigia hesabu kwanza. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Thumni ya ekari ni futi za mraba 5,445. Hapo pana tofauti ya futi za mraba 445, ukubwa wa chumba, jiko na sebule, na mteja anayejenga ataigundua siku fundi atakapovuta kamba ya msingi. Kwenye hati ukubwa huandikwa kwa hekta: ploti ya hamsini kwa mia inakaribia hekta 0.0465, thumni kamili inakaribia 0.0506. Anayejua nambari hizo mbili kwa moyo anaweza kulikamata tangazo lenye kasoro hata kabla hajanunua bando.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu intaneti imemrahisishia wakala kazi ya kuonyesha mali kuliko ilivyomrahisishia kazi ya kuithibitisha. Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuonyesha nyumba. Kupiga picha, kupandisha video TikTok, kulipia tangazo Facebook, kuweka ploti Jiji, BuyRentKenya au Property24, yote hayo hujifunzwa kwa wiki moja, na sura iliyotangulia imeyaeleza ya kutosha. Wakala anayeishi kwa kuonyesha tu atashindana na kila kijana wa mtaani. Mteja yuko tayari kumlipa vizuri yule anayeweza kumwambia, kwa ushahidi, kwamba anachokiona ndicho kilicho. Zana za kazi hiyo zipo, nyingine za bure, na zinatumika kidogo mno.

Neno moja tu kuhusu tovuti za matangazo kabla hatujasonga mbele. Mwaka 2019 Jiji ilichukua biashara ya OLX nchini Kenya, na pia Tanzania, Uganda, Nigeria na Ghana. Tovuti huuzwa, huungana, hufungwa. Picha zako, maelezo yako na orodha ya watu waliokupigia visikae kwenye tovuti ya mtu mwingine peke yake. Kila mali iwe na folda yake katika hifadhi yako, na jina la folda liwe nambari ya ploti, wala si "Kitengela ya Mama Njeri".

Biashara yenyewe, kama kila mmoja anavyojua, hufanyika WhatsApp. Asubuhi wakala wa kwanza anaweka ploti kwenye kundi kwa shilingi milioni 1.2. Wa pili anaihamishia kundi jingine akiwa ameongeza yake, wa tatu vilevile, na ikifika jioni ploti hiyohiyo inauzwa milioni 1.5 na mtu ambaye hajawahi kuikanyaga wala kuongea na mwenyewe. Madalali wa Dar es Salaam wanaufahamu mnyororo huo sawa na wa Nairobi. Hasara yake inazidi bei. Katikati ya mnyororo habari hudondoka: wa kwanza alijua kuna kesi ya mirathi, wa pili alisikia nusunusu, wa nne hajui lolote. Dawa yake ni swali moja ambalo liulizwe kabla ya kusambaza chochote: nani amekupa mamlaka ya kuuza, na yameandikwa wapi? Nchini Kenya kazi ya uwakala ina sheria yake, Sura ya 533, na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali Isiyohamishika ndiyo inayosajili watu wake. Mteja ana haki ya kukuuliza kama umesajiliwa, na jibu zuri ni kumtumia nambari yako kabla hajauliza.

Picha nazo zinahitaji nidhamu. Simu nyingi huweza kuhifadhi ndani ya faili ya picha saa iliyopigwa na mahali ilipopigwa, mpigaji akiwa ameruhusu. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo hufutwa njiani. Ukiituma kama hati, yaani faili, hubaki. Kwa hiyo unapompokea mwenzako mali, mwombe picha kama faili, uzifungue, uangalie kama mahali palipotajwa ndipo. Zikikataa kusema mahali, zipitishe Google Lens. Mara nyingine nyumba inayopangishwa Syokimau utaikuta kwenye tangazo la Johannesburg.

Hili lina uzito zaidi kwa mteja aliye mbali. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na sehemu ya fedha hizo huishia ardhini. Mchukulie muuguzi aliyeko Doha anayetaka kununua ploti Ruiru. Video iliyohaririwa haimsaidii. Mpigie kwa video moja kwa moja, uanzie mahali anapoweza kupatambua mwenyewe, kituo cha mafuta au lango la shule, kisha utembee bila kukata hadi kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka, uinamishe kamera aione ikiwa imeota ardhini. Bikoni zote nne. Kama moja haipo, mwambie haipo. Halafu usimpe matumaini kwamba simu yako imepima. Hata penye uwazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, na ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15 tu. Kosa la mita tano ni theluthi ya ploti. Simu inakufikisha kwenye ploti. Mpaka wake unasemwa na mpimaji ardhi mwenye leseni akiwa na ramani ya upimaji mkononi.

Sasa tuje Ardhisasa. Mfumo huu wa Wizara ya Ardhi ulizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, ukianza na masijala za Nairobi, na kaunti nyingine zikaingizwa hatua kwa hatua. Kabla yake sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, ilikuwa safari: foleni Ardhi House, faili iliyopotea, mtu wa pembeni anayejua ilipo. Leo, kwa ardhi iliyokwisha kuingizwa, sachi huombwa na kulipiwa mtandaoni, na majibu huja katika akaunti. Nani mwenye ardhi, ukubwa wake, ni ya milki huru au ya kukodi kutoka serikalini na kwa muda gani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna katazo lililowekwa na mtu anayedai haki. Kila mstari wa majibu hayo una kazi. Ardhi ya kukodi miaka 99 iliyoanza miaka ya 1950 imebakiza muda mfupi, na benki nyingi hazitaipokea kama dhamana bila muda kuongezwa. Mteja mwenye uraia wa kigeni naye hawezi kumiliki milki huru: Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamruhusu ukodi usiozidi miaka 99. Nimeona mawakala wakiusoma mstari wa jina peke yake na kufunga. Huko ni kuacha nusu ya ulichokilipia.

Kuna mtego wa nambari pia. Sheria za 2012 zilifuta mifumo ya zamani ya usajili na kuiunganisha kuwa mmoja, na kazi ya kubadilisha nambari za ardhi ikafuata miaka kadhaa baadaye. Ploti ya Nairobi iliyokuwa na nambari ya L.R. inaweza leo kuwa na nambari mpya ya bloku. Muuzaji ana hati ya zamani, tangazo lina nambari ya zamani, rejista ina mpya. Ukiitafuta ya zamani usiipate, usikimbilie kusema ni ulaghai, na muuzaji akikuambia "mfumo bado haujaiweka", usikimbilie kumwamini. Tafuta tangazo la ubadilishaji kwenye Gazeti la Serikali, linganisha ukubwa na ramani, kisha uombe sachi kwa nambari mpya.

Sachi pia ni picha ya siku moja. Katazo linaweza kuwekwa kesho. Ndiyo maana mawakili makini hufanya sachi kabla ya mkataba na nyingine kabla tu ya fedha kuhama, na wakala anayejali mteja wake humkumbusha hilo la pili, kwa sababu ndilo linalosahauliwa watu wakishafurahi.

Yapo pia mambo ambayo rejista haikuambii hata ikiwa sahihi kabisa. Haitakuambia kwamba jina lililoandikwa ni la marehemu na watoto wake hawajamaliza mirathi. Haitakuambia kwamba mume anauza na mke hana habari, ilhali Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya wote wawili kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Haitakuambia nani analima hapo. Kwa ardhi ya kilimo kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo idhini yake huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Bodi hiyo huketi, na watu wa familia huweza kusimama mbele yake wakasema hapana. Hakuna programu inayofanya kazi ya kikao hicho, na wakala anayemwahidi mteja kwamba kila kitu kitamalizika kwenye simu anamdanganya.

Jambo zito kuliko yote ni asili ya hati. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, ufukweni. Kilikuwa kimegawiwa mwaka 1989 kwa aliyekuwa rais wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa na kuuzwa tena mpaka kikafika kwa kampuni hiyo, ambayo ilikuwa na hati iliyosajiliwa. Kaunti ilisema pale palikuwa mahali pa umma, njia ya watu kufika baharini. Mahakama iliona kwamba mgao wa mwanzo haukufuata sheria, na kwamba kasoro ya mwanzo haiponywi kwa kupita mikononi mwa wanunuzi, hata mnunuzi wa mwisho akiwa amelipa bei kamili. Miezi mitano baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ikasema barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki.

Maamuzi hayo mawili yamebadilisha kazi ya wakala kuliko tovuti yoyote. Sachi ya mtandaoni inasema hati ni ya nani leo. Mnunuzi anahitaji kujua pia ilitoka wapi. Hiyo ina maana ya kuomba kumbukumbu za rejista za tangu mwanzo, ile kadi ya kijani kwa ardhi iliyokuwa chini ya mfumo wa kadi hizo, na kufuata kila mkono uliopitia. Ardhi ikiwa karibu na shule, soko, barabara, msitu, mto au bahari, uchunguzi huo si wa hiari tena. Wakala si wakili na hapaswi kujifanya wakili, lakini ndiye mtu wa kwanza kuiona faili, na anaweza kumwambia mteja mapema: hapa patafutwe asili kabla ya kutoa hata shilingi ya amana. Mwezi Oktoba 2023 huko Mavoko, Kaunti ya Machakos, nyumba zilibomolewa kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Waliobomolewa walikuwa na karatasi za kununua. Familia zililala nje. Kila mmoja katika mnyororo uliowafikisha pale alikuwa amepata chake na kuondoka, na sijui wakala mwenye utu anayeweza kutazama picha za siku zile bila kujiuliza maswali kuhusu ploti aliyoiuza wiki iliyopita.

Zana ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni ya bure: Google Earth ya kompyuta, hasa sehemu yake ya picha za miaka iliyopita. Weka mahali pa ploti, kisha rudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Utaona kijito kilichofukiwa. Utaona kwamba uwanja unaouzwa kiangazi ulikuwa dimbwi katika picha iliyopigwa wakati wa masika. Utaona barabara ilianza lini kupita pale, na kama "njia ya kuingilia" ilikuwa shamba la jirani hadi juzi. Agosti 2018 jijini Nairobi yalibomolewa majengo makubwa, Southend Mall huko Lang'ata na Ukay Centre Westlands, kwa sababu ya kujengwa kwenye hifadhi ya mto. Mto hauhamishwi na tangazo. Nusu saa ya kutazama picha hizo, zikiwa zimehifadhiwa kwa tarehe ndani ya folda ya mali, ni kazi ambayo mteja huielewa mara moja akiiona, na haihitaji kibali cha mtu.

Huko pwani kuna jambo ambalo halimo katika tovuti yoyote ya matangazo niliyowahi kuifungua. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, wapo wenye nyumba wasio na ardhi. Nyumba ni yao, wameirithi, wamepangisha vyumba vyake, na kila mwezi wanamlipa mwenye uwanja kodi ya ardhi iliyo chini ya kuta zao. Nyumba hizo huuzwa, na watu huzinunua wakijua wanachonunua. Tatizo linaanza pale wakala anapojaza fomu ya tovuti. Fomu inauliza: milki huru au ukodi? Hakuna kisanduku cha tatu. Akiweka alama kwenye cha kwanza amesema uongo, akiweka cha pili amesema kitu kingine kabisa. Ushauri wangu ni kuandika katika mstari wa kwanza wa maelezo, kwa herufi zisizokwepeka: nyumba bila ardhi, kodi ya uwanja ni kiasi fulani kwa mwezi, inalipwa kwa fulani, risiti ya mwisho ni ya mwezi fulani. Kisha ambatanisha risiti, ukiwa umeficha nambari za simu. Mnunuzi wa Nairobi atakayelikimbia tangazo hilo hakuwa mnunuzi wa nyumba ile.

Kodi na ada nazipita haraka, kwa kuwa kila wakala anapaswa kuwa na jedwali lake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, na hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji kwa muuzaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Kodi ya mapato ya upangishaji ilishuka hadi asilimia 7.5 Januari 2024 kwa wenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Muuzaji akiyasikia hayo siku ya kwanza hatakupandishia bei siku ya kusaini.

Kuhusu kukadiria bei, jihadhari na kila kikokotoo kinachokupa nambari bila kukuambia imetoka wapi. Marekani, ambako bei za mauzo hujulikana kwa wingi, Zillow ilijaribu kununua na kuuza nyumba kwa makadirio ya kompyuta. Ilianza 2018, na Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, ikakata takriban robo ya wafanyakazi wake, ikikiri kwamba kutabiri bei kulikuwa kugumu kuliko ilivyodhani. Huku kwetu tovuti zinaonyesha bei zinazoombwa. Bei iliyolipwa inajulikana na watu watatu au wanne. Wakala anayeandika kila mauzo yaliyopita mikononi mwake, tarehe, ukubwa, mtaa na bei halisi, baada ya miaka michache atakuwa na kitu ambacho hakuna tovuti inayoweza kumuuzia.

Na atakuwa na zaidi akikubali kushirikiana na wenzake. Mawakala wa Marekani walianza mwishoni mwa karne ya 19 kukutana na kubadilishana orodha za nyumba, kila mmoja akikubali kumlipa mwenzake atakayemletea mnunuzi. Chama chao cha kitaifa kiliundwa Chicago mwaka 1908, na orodha ya pamoja ikawa uti wa mgongo wa biashara hiyo muda mrefu kabla ya intaneti. Ina matatizo yake: Machi 2024 chama hicho kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi kuhusu kamisheni, na tangu Agosti mwaka huo kamisheni ya wakala wa mnunuzi haitangazwi tena kwenye orodha hizo. Lakini msingi wake ni mzuri: mali moja, tangazo moja, mwenye mamlaka anajulikana.

Mawakala wa Nakuru au Kilifi hawahitaji kusubiri serikali wala kampuni ya programu. Jedwali la pamoja la mtandaoni, lenye kufunguliwa na wanachama peke yao, linatosha kuanzia. Safu zake ziwe nambari ya ploti, ukubwa kwa hekta, wakala aliyepewa mamlaka kwa maandishi, bei ya mwenyewe, mgao wa kamisheni, na tarehe ya sachi ya mwisho. Nakala za vitambulisho zisiingie humo kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu wakala kama inavyoihusu benki, na kitambulisho cha mjane kilichotupwa kwenye kundi la watu mia mbili ni silaha mikononi mwa mlaghai. Sachi ikipitisha siku 30 ploti itoke kwenye jedwali mpaka ifanyiwe nyingine. Nani atakayeitoa, na nani atakayelipia sachi mpya, yaamuliwe kabla ploti ya kwanza haijaandikwa.